Bunduki ya Kucheza

Katika Kiswahili cha nyumbani kwetu, bunduki huambatana na vitenzi vichache tu: kushika, kubeba, kupiga, kuficha, kukimbia. Sikuwahi kusikia mtu akiifuatanisha na kucheza mpaka mwaka jana, kaka yangu aliponitumia ujumbe wa sauti kutoka jimbo la Iowa, Marekani, akiniomba nimsaidie kuchagua moja ya kuchezea. Alieleza kwamba Jumamosi mbili kila mwezi huenda kwenye uwanja wa kulenga shabaha pamoja na rafiki yake, Mrundi anayefanya naye kazi katika kiwanda cha nyama. Hadi wakati huo alikuwa akikodi bunduki za uwanjani. Sasa alitaka yake mwenyewe, na aina alikwisha kuijua: karabini inayotumia risasi za bastola. Kilichomshinda ni kuchagua ipi.

Sisi watu wa Kivu humwita mkubwa wetu yaya. Wanafunzi wenzangu kutoka Kenya hunicheka, maana kwao yaya ni mlezi wa watoto, lakini kwa huyu wangu hata maana yao inafaa. Mwaka 2008, vita vya waasi wa CNDP vilipotutoa Rutshuru, ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka mpakani Bunagana. Yeye alikuwa na miaka 14, mimi mitano. Tulilala Nyakabande, karibu na Kisoro, kisha tukaletwa kwa lori mpaka makazi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro. Alioa hapo hapo Nakivale, na mwaka 2016 akaondoka kwenda Marekani kwa faili ya mkewe. Mama alibaki na shamba lake la mahindi, nami nikabaki na shule, ambayo hatimaye ilinifikisha chuoni Mbarara.

Yaya aliniuliza mimi kwa sababu mbili. Ya kwanza aliisema: nasoma Kiingereza haraka kuliko yeye, na maelezo ya bunduki ni marefu. Ya pili hakuisema. Alijua kwamba kila mwisho wa mwezi naenda Nakivale, na kwamba jambo likishakuwa kwangu litafika kwa mama. Alikuwa ananituma.

Kabla ya kusoma chochote nilimuuliza: ya nini? Nilikumbuka kwamba mwaka ule wa 2008 mama alimficha siku nne katika ghala la maharage la jirani, kwa sababu wavulana wa umri wake walikuwa wakichukuliwa kubeba mizigo ya wapiganaji, na waliobeba mizigo baadaye walipewa silaha. Alinijibu kwa ujumbe mfupi: “Mdogo wangu, maisha yangu yote nimekaa mbele ya bunduki. Nataka nijue nyuma yake kukoje.” Jibu hilo sikuweza kulipinga. Nikaanza kusoma.

Karabini, kwa asili, ni bunduki fupi iliyotengenezewa askari wa farasi. Karabini ya risasi za bastola ina kitako cha kuegemeza begani na mtutu mrefu kuliko wa bastola, lakini inakula risasi ileile ndogo. Wazo hilo ni la zamani. Bunduki ya Winchester ya mwaka 1873 ilitumia risasi ambayo baadaye kampuni ya Colt iliitengenezea bastola, ili msafiri asihangaike na aina mbili za risasi. Leo risasi inayotumika zaidi ni ya milimita 9, iliyobuniwa na Mwaustria Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20. Sheria ya Marekani inataka bunduki ya bega ya raia iwe na mtutu usiopungua inchi 16, yaani sentimita 40 na kidogo, la sivyo inahitaji usajili wa pekee. Ndiyo maana karabini nyingi za huko zina urefu unaokaribiana.

Afrika Mashariki tunazijua ndugu zake, ila hazikuja kwa mchezo. Sten ya Waingereza, iliyotumika Kenya wakati wa vita vya Mau Mau, inakula risasi hiyo ya milimita 9. Sterling iliyobuniwa na George Patchett nayo ni hivyo, na Uzi ya Waisraeli vilevile. Hizo ni rashasha: ukibonyeza na kushikilia, zinamwaga risasi mpaka uachie au mpaka zikwishe. Karabini ya raia hutoa risasi moja kwa kila mbonyezo. Tofauti hiyo ni kubwa, lakini kwa mtu aliyesikia milio usiku akiwa chini ya kitanda, si rahisi kuieleza.

Kulenga shabaha kama mchezo nako hakuanzii Marekani wala hakuishii huko. Katika uwanja wa Kirigiti, kaunti ya Kiambu, raia wa Kenya wenye leseni hushindana kwa bastola na saa. Hapa Uganda sheria ya silaha ya mwaka 1970 haimruhusu raia kukaa na bunduki bila kibali, na wengi wetu bunduki tunayoiona kwa karibu ni ile iliyo begani mwa mlinzi wa benki. Nakivale, makazi yaliyofunguliwa kwa ajili ya watu waliokimbia silaha, bunduki ni ya polisi peke yao, na hakuna niliyewahi kumsikia akitamani iwe vinginevyo.

Baada ya historia nilifika kwenye hesabu, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa kaka yangu anataka nini. Risasi ya AK-47, ile chuma yenyewe inayoruka, ina uzito wa gramu 7.9 hivi. Risasi nyepesi ya kawaida ya milimita 9 ina gramu 7.5. Ukizitia mkononi, vidole haviwezi kuzitofautisha kwa uzito. Tofauti iko kwenye mwendo. Ya AK hutoka mtutuni kwa mita 715 hivi kwa sekunde. Ya milimita 9, ikipita katika mtutu mrefu wa karabini, hufika kama mita 400. Fizikia ya sekondari inatufundisha kwamba nishati huongezeka kwa mraba wa mwendo. Nikapiga hesabu: AK, jouli 2,000 na kidogo, karabini, jouli 600. Kuna na risasi ndogo zaidi, ile ya .22, yenye gramu 2.6 tu, ambayo haifiki hata jouli 200.

Anayechagua bunduki ya vita hutafuta ile inayofika mbali na kupenya. Anayechagua ya kucheza hutafuta upungufu. Anataka isipenye, kwa sababu viwanja vingi vya ndani ya majengo hukataa risasi za bunduki kubwa zinazoharibu ukuta wa nyuma, lakini hupokea za bastola. Anataka isimpige teke begani, ili afyatue mara mia moja bila kuchoka. Anataka risasi yake iwe rahisi. Shabaha iliyo mita 25, 50, au hata 100 haihitaji zaidi ya hapo. Kwa kipimo hicho karabini ya yaya ni bunduki iliyochaguliwa kwa udhaifu wake.

Lakini udhaifu huo ni wa kulinganisha tu. Jouli 600 zinamtosha mtu yeyote, na zaidi ya mtu mmoja. Niliandika sentensi hiyo kwenye daftari langu na kuipigia mstari, nisije nikaisahau nikiwa katikati ya bei na rangi.

Nikabaki na bunduki tatu. Ya kwanza, SUB-2000 ya kampuni ya Kel-Tec, ni nyepesi kuliko zote, haifiki kilo mbili, na inakunjika katikati mtutu ukarudi juu ya kitako, ikaingia katika begi la shule. Ya pili, Ruger PC Carbine, iliyotoka mwaka 2017, ina uzito wa kilo tatu na zaidi kidogo. Unaizungusha kwa mikono ikatengana vipande viwili, mtutu upande mmoja na kitako upande mwingine. Ya tatu, Cx4 Storm ya Beretta, iliyotoka mwaka 2003, ina sifa moja iliyonivutia: unaweza kubadilisha upande ambao ganda la risasi linatokea. Yaya anatumia mkono wa kushoto. Kwa bunduki nyingi, mtu wa kushoto hupitishiwa ganda la moto mbele ya uso.

Uzito nao una siri yake. Katika nyingi za karabini hizi kitasa hakifungwi kwa kufuli. Uzito wake na springi ndivyo vinavyochelewesha ganda lisitoke kabla risasi haijauacha mtutu. Kwa hiyo kitasa lazima kiwe kizito, na kinaporudi nyuma bega linakisikia. Mtu akidhani risasi ndogo ni lazima itoe teke dogo, bunduki nyepesi itamshangaza. Ile ya kilo tatu hupiga kwa upole zaidi kuliko ile ya kilo mbili. Nilimwandikia yaya hivyo, nikamwambia pia kwamba faida inayosifiwa sana, ya karabini na bastola kutumia magazini moja, haimhusu, kwa kuwa bastola hana na hajasema anaitaka.

Kisha gharama. Watu huuliza bei ya bunduki, lakini bunduki hununuliwa mara moja. Risasi ndizo hazikwishi kununuliwa. Akifyatua risasi 100 kila anapokwenda, mara mbili kwa mwezi, ni risasi 2,400 kwa mwaka. Tuseme kila moja ni senti 25 za dola: ni dola 600. Kwa shilingi za Uganda ni zaidi ya milioni mbili. Sikumwambia kiasi hicho kinafanya nini Nakivale. Yeye ndiye anayenilipia nusu ya karo, na hesabu hiyo anaijua kuliko mimi.

Nilitaka maelezo yote yawe kwa Kiswahili, ili mama aweze kuyasikia kutoka mdomoni mwangu bila mimi kukwama, na hapo nikakutana na upungufu wa maneno. Kamusi ilinipa kifyatulio. Je, watu wanaoshika bunduki husema hivyo? Chumba changu kiko upande wa Makenke, kwenye barabara ya Masaka, karibu na makao makuu ya Divisheni ya Pili ya jeshi la Uganda. Karibu na hapo yupo mzee aliyestaafu jeshini, anauza chai na chapati. Tunazungumza Kiswahili, na wateja wengine hutuangalia kwa kujiuliza. Katika nchi hii, Idi Amin aliitangaza lugha hii kuwa ya taifa mwaka 1973, na kwa miaka mingi baadaye watu waliisikia kama sauti ya askari na ya mwizi. Mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua ifundishwe kwa lazima shuleni, lakini uamuzi wa baraza haufuti kumbukumbu za sokoni. Mimi Kiswahili nilikinyonya kwa mama. Mzee alikipata kambini. Kwenye kibanda chake vilikutana.

Nilimwonyesha picha kwenye simu. “Afande, sehemu hii mnaiitaje?”

“Hiyo kitako. Hii mtutu. Hapa magazini. Na hapa triga. Ukisema hilo neno lako la kamusi, watakucheka.” Akaisogeza simu mbali na macho ili aone vizuri. “Ya nani hii?”

“Ya kaka yangu, afande. Yuko Marekani. Anataka ya kucheza.”

Nilitegemea ashangae, naye hakushangaa. “Kulenga ni mchezo,” alisema. “Tena mtamu. Unapumua, unasimamisha pumzi, dunia yote inakuwa kitundu kimoja. Mimi nilikuwa nalenga vizuri.” Alimimina chai ya mteja, akarudi. “Itakaa kwa nani?”

“Kwake.”

“Nani anamwandikia?”

Nilipomwomba aeleze, alieleza kwa subira. Kambini bunduki ina ghala lake na karani wake. Unaichukua kwa namba, unatia sahihi, unahesabiwa risasi. Ukirudi unahesabiwa tena, na ikipungua moja hulali. “Miaka yangu yote jeshini, kijana, sikuwa na bunduki. Nilikuwa naazima.”

Niliondoka na maneno niliyoyafuata, na hilo jingine ambalo sikulifuata. Katika kurasa zote nilizosoma kuhusu karabini, waandishi walipima mtutu, kitako, darubini na rangi. Swali la mzee, kwamba nani anahesabu, halikuwamo katika vipimo vyao. Mchezo wa yaya ulikuwa na uwanja wenye kanuni na msimamizi. Lakini uwanja ni saa mbili za Jumamosi mbili. Saa zilizobaki za mwezi bunduki ingekuwa nyumbani, kwenye nyumba yenye mtoto wa miaka saba na mwingine wa miaka minne, na karani hakuna.

Mwisho wa mwezi nilipanda teksi ya Nakivale. Mama nilimkuta anapukuchua mahindi. Nilikaa chini nikapukuchua naye, kwa kuwa habari nzito husemwa vizuri zaidi mikono ikiwa na kazi. Nilimwambia yaya anataka kununua bunduki ya kucheza.

“Ya kucheza?” alisema. “Kwani mipira iliisha kule?”

Nilicheka, yeye hakucheka. Aliendelea na mahindi yake mpaka gunzi likabaki tupu, akalitupa, akachukua jingine. Kisha akauliza: “Inalalaka wapi?”

Kwa lugha nyingine lilikuwa swali lilelile la mzee wa Makenke. Nilieleza kwamba huko kuna masanduku ya chuma yenye namba za siri, na kwamba risasi hufungiwa mbali na bunduki. Akasema mtoto huijua namba ya siri kabla baba hajamaliza kuibonyeza. Wajukuu wake huwaona kwenye simu, na yule wa miaka minne ndiye anayempigia, baba akiwa amelala baada ya zamu ya usiku. Hilo ni kweli. Mtoto huyo aliifungua simu ya baba yake bila kufundishwa na mtu.

Nikajaribu njia nyingine, ya kumweleza hatari ambazo yaya mwenyewe alikuwa hajazifikiria, ili aone kwamba nimelichukulia jambo kwa uzito. Nikamwambia kuhusu masikio: mlio wa bunduki hizi hupita desibeli 140, kiwango ambacho mshindo mmoja unaweza kuumiza sikio moja kwa moja, kwa hiyo lazima vizibo. Nikamwambia kuhusu vumbi. Sisi tunasema risasi bila kukumbuka kwamba ni jina la madini yenyewe, metali nzito ya kijivu, na kwamba kila mfyatuo katika ukumbi uliofungwa huacha vumbi lake hewani, kwenye mikono na kwenye nguo. Vumbi hilo likifika nyumbani, mtoto mdogo hulipokea kuliko mtu mzima, nalo hudhuru ubongo unaokua. Mtu akitoka uwanjani anapaswa kunawa kwa sabuni, kubadilisha nguo na viatu, ndipo awakumbatie wanawe.

Mama alisikiliza hadi mwisho. “Kwa hiyo hata isipopiga, inafika kwa watoto,” alisema.

Nilikubali kwamba ndivyo. Akaniambia basi nimweleze hizo bunduki zenyewe, moja moja, kama ninavyomweleza mbegu kabla hajanunua. Nikaanza na ile ya Beretta, ambayo mimi nilikuwa nimeiweka mbele kwa sababu ya mkono wa kushoto. Haikumgusa. Nikamweleza ile inayokunjika. “Kukunja si kutenganisha,” alisema. “Hata mwavuli unakunjwa.” Nikafika kwenye Ruger, nikasema hii unaizungusha inatengana vipande viwili, watengenezaji wanaisifu kwa kuwa inaingia kwenye mfuko wa mgongoni. Mikono yake ikasimama kwa mara ya kwanza.

“Kipande kimoja kinaweza kuua?”

“Hapana, mama. Mtutu peke yake ni bomba. Na upande wa kitako hauna pa kupitishia risasi.”

“Na huyo Mrundi anaenda naye kila siku ile?”

“Kila Jumamosi wanayokwenda.”

“Ana watoto?”

“Bado hajaoa.”

“Basi bomba lilale kwa Mrundi.”

Nilirudi Mbarara nikitafuta kasoro katika wazo hilo na sikuiona. Kwa sheria ya huko, sehemu yenye namba ya usajili ndiyo inayohesabiwa kuwa bunduki, na katika Ruger namba hiyo iko upande wa kitako. Mtutu ni kipuri, na rafiki anaweza kukaa nacho kama anavyokaa na jeki ya gari ya mwenzake. Risasi yaya angezinunua uwanjani siku ileile na kuzimaliza hapo hapo. Sifa ambayo kiwanda kilitengeneza kwa ajili ya urahisi wa kubeba, mama ambaye hajawahi kuiona bunduki hiyo hata kwa picha aliigeuza kuwa ghala na karani. Ili bunduki iwepo, watu wawili lazima wakubaliane, waamke, watoke nyumba mbili, wakutane.

Niliandika maelezo yangu yote kwa Kiswahili, nikayasoma kwa sauti kwenye simu, kipande kwa kipande. Nilitaja zile tatu, uzito wake, mkono wa kushoto, gharama ya mwaka. Nilimwambia kwamba kama angenisikiliza mimi peke yangu, angeendelea kukodi, na kama lazima anunue, aanze na .22, ambayo ni rahisi na ina kelele ndogo. Mwisho nikamwambia sharti la mama, kwa maneno ya mama, bila kupunguza.

Alikaa siku tisa bila kujibu. Kwa yaya hiyo ni muda mrefu. Tunaandikiana karibu kila siku. Niliwaza labda ameona tunamfanya mtoto, yeye aliyenibeba. Mtu mzima mwenye uraia, mwenye kazi, anayelipa kodi ya nyumba, sheria ya nchi yake mpya inamruhusu kuweka bunduki chini ya paa lake bila kumwomba mtu ruhusa, na hapa mama mmoja wa Nakivale anamwekea masharti kwa kutumia mdogo wake. Niliwaza pia kuhusu lile jibu lake la kwanza. Huenda kumkataza mtu kusimama nyuma ya bunduki ni kumwambia abaki mbele yake.

Siku ya kumi ilikuja sauti yake. Alisema amezungumza na mkewe, na mkewe amesema angeliuliza hilohilo la mama kama angekuwa na ujasiri. Amezungumza na yule Mrundi, ambaye alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwao pia mama yake angesema hivyo. Alinunua Ruger. Upande wa kitako uko kwake, ndani ya sanduku la chuma. Mtutu uko kwa rafiki yake, ng'ambo ya mji. Kuhusu ganda la moto mbele ya uso, amevaa miwani na ameshalizoea.

Nilimuuliza: na nyuma yake kukoje?

“Kimya,” alisema. “Huwezi kuamini. Ukiwa nyuma, kabla ya kufyatua, ni kimya kabisa.” Akaongeza kwamba alidhani angejisikia mwenye nguvu. Alichojisikia ni kwamba anaweza kuiweka chini, mezani, mtutu ukielekea shabaha, akaondoka kwenda kunawa mikono, na hakuna anayemkimbiza.

Wako watakaosema haya yote ni mzunguko mrefu kwa ajili ya kununua kitu kimoja kinachouzwa dukani huko. Mimi nimejifunza kwamba uchaguzi wenyewe haukuwa kati ya Ruger na Beretta. Vipimo nilivyovisoma vilinisaidia kujua bunduki inafanya nini inapofyatuliwa, na vilikuwa vya kweli. Lakini bunduki ya kucheza, kama ni ya kucheza kweli, muda mwingi haifyatuliwi, na uzuri wa chaguo unapimwa kwenye muda huo. Mzee wa chai alilijua hilo kwa sababu aliishi na bunduki zinazohesabiwa. Mama alilijua kwa sababu aliishi na zisizohesabiwa.

Sasa nikifika Nakivale, mama huuliza habari za wajukuu kwanza, kisha za mkwe, kisha za kazi. Ikiwa ni wiki ya Jumamosi yao, huuliza pia: “Wameunganisha?” Nikisema ndiyo, hasemi kitu; anaendelea na kazi yake, huku akingoja. Jioni ya Iowa ni usiku wa manane kwetu, kwa hiyo ujumbe wa yaya huukuta asubuhi ninapowasha simu. Huwa ni neno moja. Namsomea mama kabla hajatoka kwenda shambani: “Tumetenganisha.” Anachukua jembe lake, anaenda.